James Joule na Hesabu ya Nishati Inayopotea



Ndugu zangu katika imani, jarida letu limezoea kutuletea maisha ya masahaba, maimamu wa madhehebu na masheikh waliosimamisha dini hapa Uganda. Safari hii nimeomba nafasi nisimulie maisha ya mtu wa aina nyingine. Hakuwa Muislamu, aliishi Uingereza karne ya 19, na utajiri wa familia yake ulitokana na kiwanda cha bia. Najua jambo hilo la mwisho litawafanya baadhi yenu mkunje nyuso. Nitalieleza mbele.

Mtu huyu ni James Prescott Joule. Kila aliyesoma fizikia sekondari ameandika jina lake daftarini mara mia bila kujua ni jina la mtu, kwa sababu kipimo cha nishati, jouli, kimepewa jina lake. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na ndugu zetu wa kitivo cha uhandisi wanajua mambo haya kuniliko. Lakini nimeona kwamba swali aliloliuliza Joule maisha yake yote linatuhusu sana sisi tunaofundishwa habari za amana na israfu: katika kile ulichotumia, ni kiasi gani kimefanya kazi uliyoikusudia, na kilichobaki kimekwenda wapi?

Mtoto wa Salford

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 katika mji wa Salford, unaopakana na Manchester. Manchester ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda vya pamba. Injini za mvuke zilinguruma mchana kutwa, na makaa ya mawe ndiyo yaliyoziendesha. Baba yake, Benjamin, alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. James alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu, uti wa mgongo ukimsumbua, kwa hiyo alifundishwa nyumbani.

Mwaka 1834 yeye na kaka yake walipelekwa kusoma kwa John Dalton, mwanakemia mashuhuri wa nadharia ya atomu. Dalton hakuanza na majaribio ya kuvutia. Aliwapa hesabu na jometri kwanza. Masomo hayo yalikatika mwaka 1837 mwalimu alipopatwa na kiharusi. Baada ya hapo Joule hakusoma chuo kikuu chochote, wala hakuwahi kuwa profesa. Majaribio yake aliyafanya nyumbani na kiwandani, kwa fedha za familia, na kwa miaka mingi aliyabana katika saa za kabla na baada ya kazi.

Sasa kuhusu bia. Hukumu ya pombe katika dini yetu iko wazi, nami siipambi. Lakini kazi ile ilihitaji kupima joto kwa uangalifu mkubwa, na Joule alikulia mahali ambapo kipimajoto kilikuwa chombo cha kila siku. Ulimwengu ulichochukua kwake ni kipimo. Waislamu wa Baghdad walivitafsiri vitabu vya Wagiriki wa kale, wakachukua hesabu na tiba, wakaacha miungu yao. Na tunaye wetu katika fani hii ya kupima: al-Khazini wa Marw, mtumwa aliyeachwa huru mwenye asili ya Kigiriki, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya mizani na uzito wa vitu mwaka 515 Hijria, yaani takriban mwaka 1121 Miladia. Kupima kwa haki ni mila yetu pia. Suratul Mutaffifin imeshuka kuwaonya wapunjaji wa vipimo, na aliyeisoma hawezi kudharau mtu aliyetumia miaka 40 kutafuta kipimo cha kweli.

Tumaini alilolivunja mwenyewe

Joule alichapisha makala yake ya kwanza mwaka 1838, akiwa na miaka 19. Ilihusu mota ya umeme aliyoiunda. Mota za umeme zilikuwa jambo jipya, na watu wengi waliamini zingeziondoa injini za mvuke. Wako waliodhani nguvu yake haina kikomo: ongeza sumaku, ongeza waya, nguvu itazidi tu. Joule naye alikuwa na tumaini hilo. Ni tumaini zuri kwa kijana ambaye kiwanda cha baba yake kingeweza kuendeshwa na uvumbuzi wake.

Kisha akafanya jambo ambalo wenye matumaini makubwa huwa hawalifanyi. Akapiga hesabu.

Betri za zama hizo zilikula zinki kama injini ya mvuke inavyokula makaa. Joule akauliza: ratli moja ya zinki inanyanyua mzigo kiasi gani, ukilinganisha na ratli moja ya makaa ya mawe? Injini bora za mvuke zilikuwa zile za Cornwall, zilizovuta maji kutoka migodini. Kwa ratli moja ya makaa ziliweza kunyanyua ratli 1,500,000 kwa kimo cha futi 1. Mota yake, kwa ratli moja ya zinki, ilifika ratli 331,400 hivi. Hiyo haifiki hata robo. Na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa. Mwaka 1841 alisimama mbele ya watu wa Manchester akawaambia matokeo hayo bila kuficha, kwamba haoni namna mota hiyo ya betri itakavyoishinda injini ya mvuke kwa gharama.

Alikuwa na miaka 22. Naomba tulitazame tukio hili kwa makini, kwa sababu ndipo ninapouona ukubwa wake. Ni rahisi kupima kitu cha mwenzako ukakikuta na kasoro. Kupima ndoto yako mwenyewe, ukaikuta haifai, ukasimama kuwaambia watu, hilo linahitaji nafsi iliyofunzwa.

Katika miaka hiyohiyo aligundua kanuni ambayo mafundi umeme wa Kampala wanaitumia hadi leo. Waya unaopitisha umeme hupata moto, na joto lile linafuata mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto linakuwa mara nne. Ukipungua nusu, joto linashuka hadi robo. Ndiyo sababu umeme wa bwawa la Nalubaale kule Jinja hausafirishwi kuja Kampala kwa volti 240 za majumbani. Hupandishwa kwanza hadi volti 132,000, ili mkondo uwe mdogo na nyaya zisiugeuze umeme kuwa joto la bure njiani.

Nishati haifi

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Wanasayansi wengi wa wakati huo waliamini joto ni kitu cha pekee, kama majimaji yasiyoonekana yanayotoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi, na kwamba hayaumbwi wala hayateketei. Joule alikuwa ameona waya ukipata moto bila ya moto wowote kuuingia kutoka nje. Joto hilo limetoka wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba limetoka kwenye kazi ya mkono uliozungusha mashine. Kazi imegeuka joto. Basi lazima pawe na bei ya ubadilishaji, kama shilingi ya Uganda na dola: kazi kiasi gani kwa joto kiasi gani?

Mwaka 1843, katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Cork, Ireland, alitoa kiwango chake cha kwanza. Kupandisha joto la ratli moja ya maji kwa digrii 1 ya Fahrenheit kunahitaji kazi ya kunyanyua ratli 838 kwa futi 1. Waliohudhuria hawakuonyesha kujali. Mwaka 1844 alipeleka makala nyingine Royal Society ya London, wakaikataa. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa kiwandani anayedai kwamba vipimajoto vyake vinaweza kuona tofauti ndogo ambazo wataalamu hawakuamini kuwa zinaonekana.

Aliendelea. Jaribio lake lililokuja kuwa mashuhuri zaidi lilikuwa rahisi kulieleza. Chukua chombo kilichojaa maji, ndani yake weka mapanga yanayozunguka. Funga mapanga hayo kwa kamba inayopita kwenye kapi, na mwisho wa kamba ning'iniza uzito. Uzito ukishuka, mapanga yanakoroga maji, na maji yanapata joto kidogo sana. Unajua uzito, unajua umeshuka kimo gani, basi unajua kazi iliyofanyika. Kipimajoto kinakuambia joto lililopatikana. Alirudia na kurudia, kwa maji, kwa mafuta, kwa zebaki. Kipimo alichokichapisha mwaka 1850 kilikuwa 772. Leo tunajua ni karibu 778. Kosa lake halikufika hata asilimia 1.

Wakati huohuo alikuwa na imani. Alikuwa Mkristo, na aliona kwamba nguvu ambazo Mungu ameziweka katika maumbile haiwezekani mwanadamu akaziteketeza. Zinageuka sura tu. Sisi tunaosoma tauhidi tutatofautiana naye katika mengi, lakini wazo kwamba kuumba kutoka pasipo kitu na kuangamiza kabisa ni vya Muumba peke yake si geni masikioni mwetu. Hata hivyo nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba fulani alithibitisha aqida yetu kwa kipimajoto. Imani yake ilimpa subira ya kupima, na kipimo ndicho kilichowashawishi wengine.

Ufanisi ni nini hasa?

Hapa nisimame kidogo niieleze hesabu yenyewe, kwa wale waliokimbia fizikia kama mimi.

Ufanisi ni nishati iliyofanya kazi uliyoitaka, igawe kwa nishati yote uliyoingiza, kisha zidisha kwa 100 upate asilimia. Basi. Ugumu uko katika kupima kwa uaminifu pande zote mbili.

Chukua birika la umeme la hosteli, la wati 1,800. Wati 1 ni jouli 1 kwa kila sekunde. Ukichemsha maji lita 1.5 kwa dakika 5, yaani sekunde 300, birika limekula jouli 540,000. Hiyo ni sehemu 0.15 ya uniti moja ya Yaka, kwa kuwa uniti moja ni jouli 3,600,000. Sasa maji yamepokea kiasi gani? Lita moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,200 kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Maji ya bomba tuseme yana nyuzi 24. Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Tofauti ni nyuzi 72. Zidisha 1.5 kwa 4,200 kwa 72, unapata jouli 453,600. Gawa kwa 540,000: ufanisi ni asilimia 84. Zilizobaki zimepasha mwili wa birika na hewa ya chumba. Hazikufa. Zimekwenda tusikotaka.

Lakini ikiwa ulitaka kikombe kimoja tu cha chai, lita 0.3, ukachemsha lita 1.5? Maji uliyoyahitaji yangepokea jouli 90,720. Gawa kwa zilezile 540,000: asilimia 16.8. Birika ni lilelile na halina kosa lolote. Aliyeshusha hesabu ni mwenye kikombe. Hapa ndipo fizikia inapokutana na darsa letu. Tumesoma katika Ibn Majah habari ya Mtume (S.A.W.) kumkataza Saad asiyafuje maji ya udhu hata kama yuko kwenye mto unaotiririka. Wanachuoni wameizungumzia sanadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na mafunzo mengi. Mto haupungui kwa udhu wa mtu mmoja. Linaloangaliwa ni mkono wa anayechota.

Fungate ya maporomoko

Turudi kwa Joule. Mwezi Juni 1847 alikwenda Oxford kwenye mkutano mwingine. Mwenyekiti alimtaka afupishe maelezo yake. Huenda yangepita kimya tena, kama isingekuwa kijana mmoja aliyekuwa akitimiza miaka 23 siku hizo, William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin. Thomson hakukubali papo hapo. Alikuwa ameshika kazi ya Mfaransa Sadi Carnot ya mwaka 1824, iliyoonyesha kwamba injini ya joto ina kikomo kinachotokana na tofauti ya joto kati ya upande wa moto na upande wa baridi, na Carnot alikuwa amelichukulia joto kama kitu kisichoteketea. Thomson alihitaji miaka kadhaa kuona kwamba wote wawili walikuwa na haki: nishati haipotei, kama alivyosema Joule, na bado si joto lote linaweza kugeuzwa kazi, kama alivyoona Carnot. Ndiyo maana zile injini bora za Cornwall, ukizipima kwa hesabu ya leo na makaa ya jouli milioni 30 kwa kilo, zilikuwa na ufanisi wa asilimia 15 hivi.

Agosti mwaka huohuo Joule alimwoa Amelia Grimes, wakaenda fungate katika milima ya Alps. Thomson, aliyekuwa akitembea huko, alikutana nao njiani, na miaka mingi baadaye alisimulia kwamba bwana harusi alikuwa na kipimajoto kirefu mkononi. Wanahistoria wengine wanaona kumbukumbu hiyo ilitiwa chumvi. Ila ni kweli kwamba Joule alitaka kupima maporomoko ya maji. Kama kazi hugeuka joto, basi maji yanayoporomoka yanapaswa kuwa na joto zaidi chini kuliko juu. Alikuwa amekadiria kwamba Niagara, yenye kimo cha futi 160 hivi, itaongeza joto kwa sehemu 1 ya 5 ya digrii ya Fahrenheit. Kule Alps walijaribu kwenye maporomoko ya Sallanches, lakini maji yalitawanyika mno kuwa manyunyu, kipimo hakikupatikana.

Tungekuwa naye hapa tungempeleka Jinja. Pale palikuwa na maporomoko ya Owen, na bwawa lililozinduliwa mwaka 1954 likayameza, pamoja na maporomoko ya Ripon yaliyokuwa juu yake. Mwanguko wa bwawa hilo ni karibu mita 20. Kila mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Zidisha kwa 9.8, kisha kwa 20, unapata jouli 196,000. Zamani nishati hiyo yote iliishia kwenye mapovu, kelele na joto dogo, chini ya nusu ya sehemu 1 ya 10 ya nyuzi ya Selsiasi. Leo maji yaleyale yanapita kwenye mitambo, na kama mitambo na jenereta zina ufanisi wa asilimia 90, jouli 176,400 zinatoka zikiwa umeme. Mto ni uleule, mwanguko ni uleule. Umeme tunaousomea usiku ni ile nishati iliyokuwa ikiishia kwenye povu.

Mota inayojilisha

Nimesema hesabu hii inatuhusu. Miezi kadhaa iliyopita kijana mmoja alizunguka kwenye mabweni akitafuta wachangiaji. Alikuwa na mota inayozungusha jenereta, jenereta inairudishia mota umeme, na ziada, kwa madai yake, inawasha taa za nyumba nzima bila Yaka wala mafuta. Baadhi ya wenzetu walitoa fedha za matumizi yao ya muhula. Siku ya pili simu yake haikupatikana.

Angejibiwa kwa hesabu ya Joule kwenye karatasi ya nusu ukurasa. Tuseme mota ni nzuri, ufanisi wake asilimia 85, na jenereta pia asilimia 85. Ufanisi unaofuatana huzidishwa: 0.85 mara 0.85 ni 0.72 na ushei. Ukianza na jouli 100, duara la kwanza linarudisha 72, la pili 52, na ukifika duara la kumi zimebaki chini ya 4. Bado hujawasha hata taa moja. Mashine ya kupita asilimia 100 haipo. Anayeiuza ama hajapima, ama amepima akanyamaza. Joule alikuwa na tumaini karibu na hilo akiwa na umri wetu, na alilipima kabla hajamwomba mtu yeyote pesa.

Miaka ya mwisho

Baada ya mwaka 1850 heshima zilianza kumfikia. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, ileile iliyokataa makala yake, ikampa nishani ya kifalme mwaka 1852 na nishani ya Copley mwaka 1870. Yeye na Thomson walifanya kazi pamoja, wakagundua kwamba gesi nyingi hupoa zinapotanuka kwa kupenya kwenye tundu dogo, jambo lililokuja kuwa msingi wa kugeuza hewa kuwa kimiminika.

Lakini mwaka 1854 Amelia alifariki, na mtoto wao mchanga pia. Joule alibaki na watoto wawili. Mwaka huohuo kiwanda cha familia kiliuzwa. Palikuwa pia na mvutano kuhusu nani alitangulia, kwa sababu daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer, aliandika wazo kama hilo mwaka 1842. Haki ni kusema kwamba Mayer alitangulia kuchapisha wazo, na Joule ndiye aliyelipima mpaka halikuweza kupingwa. Fedha nazo zilipungua, na mwaka 1878 serikali ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka.

Mwaka huo wa 1878, akikaribia miaka 60, alichapisha kipimo chake cha mwisho cha jambo lilelile aliloanza nalo ujanani: 772.55. Alifariki tarehe 11 Oktoba 1889 huko Sale, jirani na Manchester. Wiki chache kabla, mkutano wa kimataifa wa umeme uliofanyika Paris ulikuwa umekubali jina la jouli kuwa kipimo cha kazi na nishati. Juu ya kaburi lake wameandika ile namba, 772.55.

Linalotupasa sisi

Ramadhani ikija jumuiya yetu itapika uji na chai ya futari kama kawaida, kwa michango ya wanafunzi na wahisani. Fedha hizo ni amana. Napendekeza tupime sigiri zetu. Mtu wa fizikia na mtu wa sharia wakae pamoja jioni moja na mizani, kipimajoto na sufuria. Kupima maji ya lita 20 kutoka nyuzi 24 hadi kuchemka ni jouli 6,048,000. Mkaa una takriban jouli milioni 30 kwa kilo. Kama sigiri ya bati imekula kilo 1.2, ufanisi wake ni asilimia 16.8, sawa na yule mwenye kikombe kimoja. Kama sigiri yenye udongo ndani imekula kilo 0.8 kwa maji hayohayo, ufanisi ni asilimia 25.2. Tofauti ya kilo 0.4 kwa siku ni kilo 12 kwa mwezi mmoja wa funga, kwa sufuria moja. Namba hizi za mkaa ni za mfano. Za kweli zitatoka kwenye mizani yetu wenyewe. Na tukumbuke kwamba mkaa ule, kabla haujafika Kampala, umechomwa kwenye tanuri la udongo ambalo tayari limepoteza zaidi ya nusu ya nishati iliyokuwa ndani ya mti.

Na tukishapima, matokeo tuyabandike kwenye ubao wa matangazo wa msikiti wa chuo, hata kama yataonyesha kwamba majiko tuliyoyanunua kwa fahari hayafai. Joule alifanya hivyo mbele ya watu wa mji wake.

Twamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atukinge na israfu na punjo ya vipimo, na atujaalie kuwa waaminifu katika kidogo na kikubwa. Wabillahi tawfiq.